Hesabu za saluni: maneno kwa anayeanza kazi

Wengi wanaokuja kujifunza kazi ya saluni wana mikono myepesi na jicho zuri, lakini ukitaja hesabu wanarudi nyuma. Ningependa uliye mgeni kwenye kazi hii ujue mapema kwamba hesabu zetu ni chache na nyingi ni za darasa la tano au la sita. Uzito wake ni kwamba zinafanyika juu ya kichwa cha mtu. Kwenye daftari ukikosea unafuta, ila kwenye bakuli la blichi, ile dawa ya kutoa rangi ya nywele, anayeumia ni mteja.

Anza na uwiano, maana hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokwama. Kwenye kikaratasi cha rangi utakuta 1:1, 1:1.5 au 1:2. Namba ya kwanza ni rangi au unga wa blichi, ya pili ni developa, yaani ile dawa ya majimaji inayochanganywa nayo ili ifanye kazi. Tyubu ya gramu 60 kwa 1:1.5 inataka developa 90: chukua 60, ongeza nusu yake ambayo ni 30. Ukitumia nusu tyubu kwa sababu unapaka mizizi tu, rangi ni 30 na developa ni 45. Ukipunguza kimoja, punguza na kingine kwa kiasi kilekile. Huu ndio mtego: mtu anaona mchanganyiko ni mzito, anamimina developa kidogo, kisha kidogo tena, na mwishowe ana 1:2 bila kujua. Rangi inakuwa nyepesi, inachuruzika shingoni na mvi hazishiki vizuri. Ukiweka developa pungufu nako kuna shida yake, kwa sababu rangi inakauka kabla ya muda na kutoka na mabaka.

Swali lingine linalowachanganya ni la kurudi nyuma. Unataka jumla ya gramu 90 za blichi kwa uwiano wa 1:2. Unga ni kiasi gani? Wengi wanagawanya 90 kwa 2 na kupata 45, na hilo ni kosa. Hesabu sehemu zote kwanza: 1 na 2 ni 3. Gawanya 90 kwa 3, unapata 30. Basi unga ni gramu 30 na developa ni 60. Fanya zoezi hili kwa 60, 120 na 150 mpaka lije lenyewe, kwa sababu siku ya wateja wengi hutakuwa na muda wa kutafuta kalamu.

Na upime. Weka bakuli juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri, weka unga, bonyeza tena, kisha mimina developa. Kijiko cha blichi hakina uzito mmoja: unga ulioshindiliwa na unga uliolegea hutofautiana sana ndani ya kijiko kilekile. Najua kuna mafundi wakongwe wanaochanganya kwa macho na kazi inatoka safi. Wao wana miaka mingi ya kulijua bakuli lao. Wewe pima.

Nguvu ya developa ina hesabu yake fupi. Chupa moja imeandikwa voliumu 20, nyingine imeandikwa asilimia 6, na mgeni anadhani ni vitu viwili tofauti. Ni nguvu ileile. Gawanya voliumu kwa 10, kisha zidisha kwa 3: voliumu 10 ni asilimia 3, 20 ni 6, 30 ni 9, na 40 ni 12. Namba ya voliumu inatokana na oksijeni: lita 1 ya developa ya voliumu 20 hutoa takriban lita 20 za oksijeni. Ukichanganya 20 na 40 kwa kiasi sawa unapata 30. Kiasi kisipokuwa sawa, jibu haliko katikati. Gramu 60 za voliumu 20 na gramu 30 za voliumu 40 zinakupa karibu voliumu 27, kwa kuwa ile dhaifu ni nyingi zaidi. Blichi yenye voliumu 40 siruhusu iguse ngozi ya kichwa, na wewe usiruhusu hata mteja akikuambia amezoea.

Namba za rangi zenyewe zinasomwa kwa namna ya peke yake. 6.34 si desimali kama ya bei. Ile 6 ni kina cha rangi, kwenye ngazi ambayo 1 ni nyeusi na 10 ni blondi iliyofifia sana. Ile 3 ni mwelekeo mkuu wa rangi, yaani inavyoegemea, kwa mfano kwenye dhahabu au shaba, na 4 ni mwelekeo wa pili, ulio hafifu kuliko wa kwanza. Kwa hiyo usiulize kama 6.4 ni kubwa kuliko 6.34, zote zina kina kimoja. Maana ya kila mwelekeo hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo fungua kitabu cha rangi cha kampuni unayotumia. Ukichanganya 6 na 8 nusu kwa nusu, kina kinakuwa karibu na 7.

Vipimo vya urefu nitavipitia haraka. Nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa wengine zaidi kidogo na kwa wengine pungufu. Mteja akikwambia alipaka rangi miezi mitatu iliyopita na wewe unaona mizizi ya sentimita 7, muulize tena kwa upole, kwa sababu historia ya nywele hubadilisha uamuzi wako wote. Nywele zenye mkunjo zivute kabla ya kupima. Nywele za bandia huuzwa kwa inchi, na inchi 1 ni sentimita 2.54, hivyo inchi 16 ni karibu sentimita 41. Zile za mawimbi huwa zimepimwa zikiwa zimenyooshwa, kwa hiyo kichwani zitaonekana fupi. Mwambie mteja kabla hajanunua. Kwenye mashine ya kunyolea, kila namba ni sehemu moja ya nane ya inchi: namba 1 huacha takriban milimita 3, namba 2 huacha 6, na namba 4 huacha karibu 13. Kama huna uhakika anataka fupi kiasi gani, anza na namba kubwa ushuke.

Muda nao ni hesabu, na ndio unaofanya saluni iende au ikwame. Mteja wa rangi: kupaka dakika 40, kusubiri 35, kuosha 15, kukausha na kutengeneza 45. Jumla ni dakika 135, yaani saa 2 na dakika 15. Akianza saa 3:40 asubuhi, atamaliza saa 5:55. Ndani ya zile dakika 35 za kusubiri unaweza kumtengeneza mtu nyusi kwa dakika 15. Usimwingize wa kukata nywele kwa dakika 40, maana rangi haitakusubiri. Soma pia kikaratasi kinaanza kuhesabu muda wapi: rangi nyingi huhesabiwa baada ya kumaliza kupaka, lakini kwa dawa ya kulainisha hakikisha kama muda wa kupaka umo ndani. Weka saa ya kengele, usitegemee kumbukumbu.

Jaribio la mzio, yaani kupaka rangi kidogo kwenye ngozi ya mteja saa 48 kabla ya kazi kuona kama itamdhuru, lihesabu kwa saa. Mteja wa Jumamosi saa 4 asubuhi ajaribiwe si baada ya Alhamisi saa 4 asubuhi. Akija Alhamisi jioni, saa 48 zitakuwa hazijatimia, hata kama kwenye kalenda ni siku mbili. Na unapopokea miadi kwa ujumbe wa simu, andika "saa 4 asubuhi" au "saa 10 jioni" kwa ukamilifu, kwa sababu simu inaonyesha 10 pale sisi tunaposema 4.

Sasa fedha, ambazo vijana wengi huona aibu kuziuliza. Ukiambiwa kamisheni yako ni asilimia 40, uliza siku ya kwanza: ya kiasi gani? Kazi ya 1,000 bila kutoa gharama inakupa 400. Kama bosi anatoa kwanza vifaa vya 250, unapata asilimia 40 ya 750, ambayo ni 300. Njia zote mbili zipo na zinaweza kuwa za haki, ila lazima ujue upo kwenye ipi, na uandike kila kazi uliyofanya kwenye daftari lako mwenyewe.

Punguzo juu ya punguzo halijumlishwi. Asilimia 20 kisha asilimia 10 kwenye 1,000: inabaki 800, kisha 720. Jumla iliyopungua ni asilimia 28, wala si 30. Faida nayo ina mtego. Ukinunua mafuta kwa 100 ukauza kwa 150, umeongeza asilimia 50 juu ya bei ya kununulia, lakini katika kila fedha iliyoingia, faida ni theluthi moja tu.

Shampuu ya lita 1 ukitumia mililita 20 kwa kichwa inatosha vichwa 50. Andika tarehe kwenye chupa unapoifungua. Ikiisha kwenye kichwa cha 35, kila mmoja ametumia karibu mililita 29, na hapo mnajua pa kuanzia mazungumzo bila kulaumiana.

Kwenye chenji, hesabu kwa kupanda. Huduma ni 650 na umepewa 1,000: weka 50 mkononi mwa mteja useme "mia saba", weka 100 useme "mia nane", kisha 200 useme "elfu moja". Noti aliyokupa iache juu ya meza mpaka akubali chenji, halafu ndipo uiweke kwenye droo.