Maswali na majibu: ua, ukuta na maji ya masika

Masika yakimalizika, barua kuhusu nyua zilizoanguka, kuinama au kuoza huongezeka. Tumechagua nne, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu inahusu usalama wa watu.

Msomaji wa Wete, Pemba: *Ukuta wangu wa matofali uko upande wa chini wa kiwanja, ambacho kina mteremko. Baada ya mvua umeinamia nje. Fundi ananishauri nijenge nguzo za kuuegemeza. Je, zitatosha?*

Hazitatosha, iwapo maji yaliyouinamisha yataendelea kukosa pa kupita. Ukuta uliojengwa kukingama mteremko bila ya tundu hata moja hugeuka kuwa bwawa. Maji yenye kina cha mita 1 nyuma yake yanasukuma kila mita ya urefu wake kwa nguvu inayokaribia uzito wa nusu tani, kabla hata hatujauhesabu udongo wa kinamo, ambao ukilowa huvimba na kusukuma zaidi. Ukuta wa matofali ya inchi 6 haukukusudiwa kubeba mzigo huo, na Pemba, yenye vilima vingi na mvua kubwa kuliko Unguja, makosa haya huonekana mapema.

Anza kwa kupima. Funga jiwe kwenye uzi, uuteremshe kutoka juu ya ukuta upande ulioinamia, kisha pima umbali uliopo kati ya uzi na tofali la chini. Ukizidi thuluthi moja ya unene wa ukuta, yaani sentimita 5 kwa tofali la inchi 6, nakushauri uubomoe na kuujenga upya; hadi hapo watoto wasicheze wala mtu asipumzike upande huo. Ukiwa pungufu ya hapo na msingi haujapasuka, toboa matundu usawa wa ardhi ya upande wa chini, moja kila mita moja na nusu, na upitishe humo bomba la plastiki la inchi 2. Nyuma ya kila bomba chimba shimo, lijaze kokoto, na uzizungushie gunia la nailoni ili tope lisizibe njia. Upande wa juu chimba mfereji wa kuyapokea maji kabla hayajafika ukutani. Baada ya hayo, nguzo za fundi wako zitakuwa na faida.

Jambo moja lisisahauliwe: maji utakayoyatoa yataingia kwa jirani wa chini. Mwendee kabla ya kutoboa, mkubaliane yatapita wapi, na ikiwa mpaka wenyewe una utata, mshirikisheni sheha mapema.

Msomaji wa Jambiani: *Seng'enge yangu inapata kutu haraka mno, ingawa niliuziwa kuwa haishiki kutu.*

Waya huo umepakwa zinki, na zinki hulika kidogo kidogo kwa chumvi inayoletwa na upepo wa kusi. Chunguza ncha zilizokatwa na mafundo, maana huko ndiko kutu huanzia. Utaona pia kuwa waya uliojificha chini ya upenu, usiooshwa na mvua, mara nyingi huharibika kabla ya ule ulio wazi. Ukinunua mwingine, chagua wenye tabaka nene la zinki au uliovikwa plastiki, na kila ncha unayoikata ipake rangi ya zinki siku hiyo hiyo.

Kama nguzo zako ni za zege, usikubali mchanga wa ufukweni. Chumvi yake huozesha nondo zilizomo ndani, kutu ikavimba na kuipasua zege. Na kuuchota kunaipunguzia pwani kinga yake. Karibu na bahari nondo ifunikwe na zege isiyopungua sentimita 5.

Msomaji wa Kiembesamaki: *Nguzo zangu za mvinje zinaonekana nzima lakini zinatikisika. Nizipake oili chafu ya gari?*

Fukua kiasi cha kiganja kimoja kando ya nguzo, kisha ichome kwa ncha ya kisu. Ikizama bila ya kazi, mti umeshaoza. Nguzo huoza zaidi pale inapotokea ardhini, kwa kuwa hapo unyevu na hewa hukutana, na mchwa nao hupendelea hapo. Oili chafu haipenyi ndani ya mti. Mvua huiosha ikaishia kwenye udongo, na pengine kisimani. Usiitumie.

Mkandaa hustahamili vizuri, ila mikoko haikatwi bila ya kibali, na sioni haki kuimaliza kwa ajili ya ua. Nguzo iliyotiwa dawa kiwandani ni chaguo bora zaidi, ingawa bei yake ni kubwa. Vipande vyake vilivyobaki visichomwe jikoni, kwani moshi wa baadhi ya dawa hizo una sumu. Nguzo ya mita 2.4 iingie ardhini sentimita 60 hadi 80. Tandika kokoto chini, uimimine zege pembeni tu bila ya kuliziba tako la nguzo, na juu yake uifanyie mteremko ili maji yasituame shinani. Nguzo ambayo bado ni nzima kwa juu inaweza kukatwa sehemu iliyooza na kufungwa kwa boliti kwenye kisiki cha zege.

Msomaji wa Konde: *Nataka ua wa miti hai. Nipande nini?*

Kama mbuzi wanazurura, panda mbono kaburi, kwani hawauli. Lakini mbegu zake ni sumu, hivyo penye watoto wadogo haufai. Mgilirisidia hushika upesi ukipandwa kwa vijiti mwanzoni mwa masika, ila uuwekee makuti hadi uchipue na ukomae, la sivyo mbuzi wataumaliza.