Shangazi, nikisubiri nitakuwa nimekosa imani?

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 34, nina mume na watoto wawili, tunaishi Morogoro. Ni karani katika shule binafsi, mkononi napokea 420,000. Usiku nashona nyumbani, napata kama 150,000 kwa mwezi. Mshahara wangu ndio unaolipa kodi ya nyumba 100,000, shule na usafiri wa watoto 120,000 na dawa za mama 40,000, na natoa fungu la kumi. Chakula kinatoka kwenye bodaboda ya mume wangu. Nina akiba ya 2,600,000. Kwa muda mrefu nasikia moyoni kwamba Mungu ananiita niache kazi nifungue ofisi yangu ya ushonaji. Kwenye mkesha, mhubiri mgeni alisema huu ni mwaka wa kutoka ndani ya mashua, na anayesubiri hamwamini Mungu. Akasema wenye jambo kubwa mbele yao wapande mbegu, yaani sadaka, ya 500,000. Nimeona fremu ya duka ya 80,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Ovaloki, mashine ya kuzuia kingo za nguo zisifumuke, nimeulizia, 850,000. Mume wangu anasema tusubiri kidogo. Nataka kupeleka barua ya kuacha kazi mwisho wa Oktoba hii. Nikisubiri, nitakuwa nimekosa imani?*

*Niliye Njia Panda*

Marahaba, mwanangu. Hapana, hutakuwa umekosa imani. Wala sikuandikii ili nikuzime, maana barua yako imenionyesha mtu anayejua kazi yake na anayeogopa kumkosea Mungu. Mtu wa namna hiyo anastahili kujibiwa kwa hesabu na kwa Neno, vyote viwili.

Tuanze na hiyo mashua, kwa kuwa ndiyo iliyokunyima usingizi. Fungua Mathayo 14, soma taratibu kuanzia mstari wa 28. Petro hakuruka. Aliomba kwanza: Bwana, ikiwa ni wewe, niamuru nije. Akaambiwa njoo, ndipo akashuka. Wale kumi na mmoja waliobaki ndani hawakukemewa hata kidogo kwa kubaki kwao. Aliyeambiwa ana imani haba ni Petro mwenyewe, kwa kuona shaka akiwa tayari juu ya maji. Kisha soma mstari wa 32: Yesu na Petro walipanda chomboni. Mashua haikuzamishwa. Walirudi humo humo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba imani ni kuichoma mashua ndipo uruke, ameongeza jambo ambalo halimo kwenye habari yenyewe.

Sasa mwangalie Nehemia, ambaye hali yake inafanana na yako zaidi, maana naye alikuwa mtumishi wa mtu, huku ana mzigo wa kazi nyingine moyoni. Alipata habari za ukuta wa Yerusalemu mwezi wa Kisleu, akazungumza na mfalme mwezi wa Nisani. Hiyo ni kama miezi minne ya kufunga na kuomba huku akiendelea kumpelekea mfalme divai yake. Na mfalme alipomuuliza anataka nini, alikuwa nayo majibu: atakaa muda gani, barua za maliwali wa njiani, na barua ya Asafu mtunza msitu ili apewe miti. Mtu aliyekuwa anaomba tu bila kupanga asingelijua jina la mtunza msitu. Ukuta wenyewe ulijengwa siku 52. Hakuna anayemwita Nehemia mtu asiye na imani.

Basi tufanye ya Nehemia. Chukua daftari.

Umesema kushona kunakupa 150,000. Nina wasiwasi kwamba hayo ni mapato, si faida. Tuchukue gauni moja la kitenge ambalo mteja amekuja na kitambaa chake na unamtoza 25,000. Bitana, kitambaa cha ndani, 5,000, zipu 1,000, uzi 1,000, bakram ya kukazia 1,000, kupiga ovaloki kwa fundi mwenzako 1,000, umeme wa cherehani na pasi tuseme 1,000. Zimekwenda 10,000. Umebaki na 15,000, na gauni lenye bitana linakula saa tano mpaka sita za mikono yako. Kama unashona magauni sita kwa mwezi, faida yako ni 90,000. Bei za mjini kwenu zinaweza kupishana na hizi kidogo, rekebisha kwa risiti zako, ila usiache mstari hata mmoja. Mafundi wengi huanguka hapo: hela ya bitana ya mteja wa Jumatatu inanunua unga, halafu bitana inanunuliwa kwa advansi ya mteja wa Alhamisi, na wa Alhamisi anasubiri wa wiki ijayo. Duka limejaa wateja na fundi hana senti.

Yanayokutegemea wewe nyumbani, pamoja na fungu la kumi, ni kama 300,000 kwa mwezi. Ongeza fremu 80,000 na umeme 20,000. Unahitaji faida ya 400,000. Gawanya kwa 15,000: magauni 27 kwa mwezi. Leo unashona sita. Huo ndio mto Yordani wako, mwanangu, kutoka sita hadi 27, na ni afadhali uujue upana wake ukiwa bado ukingoni.

Na akiba? Fremu ya miezi sita ni 480,000, ovaloki 850,000, meza ya kukatia, kioo, pasi na kufunga umeme nakadiria 170,000. Jumla 1,500,000. Unabaki na 1,100,000, ambayo kwa yale 300,000 ya nyumbani na 20,000 za umeme inakupeleka miezi mitatu na kidogo kama wateja hawakuja. Ukitoa ile 500,000, unabaki na 600,000. Hazifiki miezi miwili.

Kuhusu hiyo mbegu nasema wazi: usiitoe. Fungu lako la kumi endelea nalo, na sadaka yako ya hiari toa kwa furaha, kwa kanisa lako na kwa kiasi ulichokusudia moyoni, kama Paulo anavyofundisha katika 2 Wakorintho 9:7, bila kulazimishwa. Lakini kiwango kilichotajwa na mtu mwingine, usiku wa manane, kwa hofu kwamba bila hicho Mungu hatafungua mlango, hicho ni bei, na neema haina bei. Soma 2 Wafalme 4. Mjane anadaiwa, wanawe wanakaribia kuchukuliwa watumwa. Elisha hakumwambia alete chochote. Alimuuliza: una nini nyumbani? Alikuwa na chupa ya mafuta. Akamwambia aazime vyombo kwa majirani, amimine, auze, alipe deni, na kinachobaki ale yeye na wanawe. Wewe una cherehani, mikono na akiba ya jasho lako. Ukifuatwa na watu wa huduma ile, jibu kwa upole: "Mungu akubariki, sadaka zangu natoa kanisani kwangu, na jambo hili naliombea na mume wangu." Usieleze zaidi.

Mume wako naye usimweke upande wa wasioamini. Amesema tusubiri kidogo, hakusema usifanye. Dereva wa bodaboda anajua siku isiyo na abiria ikoje, na hofu yake imetokana na kujua. Kaa naye Jumamosi jioni watoto wakilala, daftari mezani, muulize mambo mawili tu: tusubiri mpaka lini, na ukiona nini utakuwa na amani? "Kidogo" isiyo na tarehe ndiyo inayozaa manung'uniko ndani ya nyumba. Tarehe inaombeka.

Sasa hatua yenyewe, maana sitaki ukae ukingoni miaka kumi ukiita woga wako busara. Hilo nalo lipo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Omba zigawanywe mara mbili, kama mwajiri atakubali: 14 mwezi wa Desemba shule ikishafunga, na 14 mwezi wa Februari. Peleka ombi hilo mapema, kwa maandishi, kwa kuwa Januari ya usajili karani haachiwi. Siku hizo ziishi kama vile umeshaacha kazi: unaamka, unafungua saa mbili asubuhi, unashona mpaka jioni. Fremu usichukue bado. Kodi kona kwa fundi mwenye ofisi, hata kwa siku, ubebe cherehani yako. Ovaloki usinunue, lipia kwa nguo moja moja mpaka foleni ya kusubiri iwe ndiyo inayokuchelewesha.

Kwa nini Februari? Kwa sababu Desemba ni mwongo. Kuna nguo za Krismasi, sare za shule za Januari, sherehe za familia. Kila fundi anaonekana amebarikiwa. Januari ada zinameza hela zote, na Kwaresima ikiingia harusi za makanisani hupungua mpaka baada ya Pasaka. Fundi aliyefungua Desemba kwa shangwe mara nyingi ndiye anayekopa Machi. Na anakopa wapi? Kausha damu. Usiguse mkopo huo hata kwa siku moja, maana rejesho la kila siku halisubiri mteja aje kuchukua gauni lake. Kama kuna kikoba unachokiamini, anza kununua hisa sasa ukiwa bado na mshahara, ili siku ukihitaji ukope kwa wanaokufahamu.

Katika siku zako 14 za Februari, ukipumzika Jumapili, utakuwa na siku 12 za kazi. Kwa kasi ya magauni 27 kwa mwezi, unapaswa kumaliza na kulipwa magauni 13. Nasema kulipwa. Gauni linaloning'inia bila kuchukuliwa halihesabiwi, ndiyo maana kitambaa hakikatwi kabla ya nusu ya hela kuingia, awe mama mchungaji au awe dada yako. Ukifika 13, andika barua. Ukiwa chini ya saba, rudi kazini bila aibu, endelea na usiku, tafuta kazi za sare za kwaya au za shule ambazo ni nyingi kwa mkupuo mmoja. Ukiwa katikati, tatizo linaweza kuwa ni bei yako au muda wako wa kukabidhi, na hivyo vinarekebishika. Mtajie mteja tarehe iliyo siku mbili baada ya ile unayoijua moyoni, kisha itimize. Watu wamechoka na fundi wa "njoo kesho". Anayetunza tarehe anatangazwa bila kipaza sauti.

Utaniuliza, sasa imani iko wapi katika hesabu zote hizi? Iko pale ambapo daftari linaishia. Unaweza kuhesabu bitana. Huwezi kumhesabu mteja ambaye bado hajawaza kuja kwako. Huwezi kujua kama mama ataugua Aprili. Siku utakapokabidhi funguo za ofisi ya shule, hata ukiwa na magauni 13 yaliyolipwa, magoti yatatetemeka, na hapo hakuna hesabu itakayokushika ila Yeye aliyekuita. Kuhesabu gharama alifundisha Yesu mwenyewe, Luka 14:28. Alijua kwamba hata aliyehesabu bado atahitaji kuamini.

Katika miezi hii, omba kwa kutaja vitu. Andika tarehe, andika ulichoomba, acha nafasi ya jibu. Omba pia sentensi hii ngumu: kama wito huu ni tamaa yangu tu, nionyeshe kabla ya Februari. Mtafute mchungaji wako wa nyumbani, yule anayekujua na atakayekuwepo hata ukishindwa, umweleze na tarakimu. Mhubiri wa mkesha ameshaondoka.

Siku ya barua ikifika, ondoka vizuri. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, kwa maandishi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukiacha kazi mwenyewe usiingize kiinua mgongo kwenye mahesabu. Dai cheti cha utumishi na malipo ya likizo uliyobakiza. Kabla ya hapo, nenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uangalie kama michango iliyokuwa inakatwa imefika kweli, miezi yote, kwa sababu kufuatilia ukiwa bado ndani ni rahisi kuliko ukiwa nje. Na kama watoto wanatibiwa kwa bima ya mwajiri, ujue kadi itakoma tarehe gani.

Barua uliyoiandaa ya mwisho wa Oktoba iweke ndani ya Biblia yako, pale pale Nehemia 2, bila tarehe. Kesho peleka ya kuomba likizo. Mwisho wa Februari niandikie tena, hata mstari mmoja, unitajie idadi ya magauni yaliyolipwa. Nakuombea kwa jina ulilojipa.

Shangazi