Mbona mruko wa Axel unaogopwa hivi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha pili, Chumbageni, Tanga. Kwenye simu ya kaka huwa naangalia wasichana wanaoteleza kwenye barafu. Mruko wa Axel unasifiwa mno, lakini mimi naona yote sawa: wanaruka, wanazunguka, wanatua. Tofauti iko wapi? Na mbona wanaozunguka mara nne ni watoto wa rika langu?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barafu sijaikanyaga, nafundisha sarakasi Bagamoyo, na barafu ninayoijua ni ile ya kwenye deli la muuza samaki. Ila mwili ukishakuwa hewani, haujali umerukia wapi.

Siku nyingine tazama miguu wakati wa kuondoka. Miruko mikubwa ni sita, na mitano huanza mchezaji akirudi kinyumenyume. Axel peke yake huanza akitazama mbele, lakini kutua ni kinyumenyume kama mingine. Hapo pana nusu mzunguko ya ziada, kwa hiyo Axel “ya tatu” ni mitatu na nusu. Na hewani anakaa kama sekunde 0.6 tu! Lutz, mmoja wa ile mitano, nayo ina ukorofi wake: unakuja ukiwa umepinda upande mmoja, halafu unazungukia upande wa pili.

Watu hudhani siri ni kuruka juu. Siri ni kufunga mikono na miguu upesi. Juzi maji yakiwa yamekupwa, mwanafunzi wangu alizunguka mara mbili akatua wima, akashangilia. Nikamwita tuangalie nyayo. Vidole vilielekea baharini badala ya kwenye minazi, na mchanga ulichimbika pale kisigino kilipomalizia mzunguko chini. Mkono wa kushoto ulichelewa kufika kifuani, basi. Waamuzi wa barafu hurudisha video polepole wakitafuta kosa hilohilo: ukipungukiwa na zaidi ya robo, pointi zinakatwa, ukipungukiwa na nusu, mruko unashushwa daraja.

Sasa rika lako. Mwili mwembamba, nyonga bado hazijapanuka, huzunguka kwa kasi kwa nguvu ileile. Miki Ando wa Japani alitua Salchow, mwingine wa ile mitano, wa mizunguko minne mwaka 2002, ana miaka 14. Alexandra Trusova wa Urusi alikuwa na 13 alipotua miruko miwili ya mizunguko minne katika onyesho moja, mwaka 2018. Lakini usiseme ni watoto tu: Elizabet Tursynbaeva wa Kazakhstan alitua wa kwake kwenye mashindano ya dunia ya 2019 akiwa na miaka 19, na Midori Ito wa Japani alikuwa na umri huohuo alipotua Axel ya mitatu na nusu katika mashindano hayo mwaka 1989.

Mwaka 2022 shirikisho la dunia la mchezo huu liliamua umri wa kuingia mashindano ya wakubwa upande kutoka 15 hadi 17. Mimi naunga mkono. Magoti ya mtoto nayajua. Kaori Sakamoto wa Japani naye ametwaa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2022 hadi 2024, bila mruko wa mizunguko minne.

Ukitaka kuonja, usijaribu kwenye saruji ya uani. Nenda ufukweni maji yakipwa, anza na nusu mzunguko, mikono kifuani, kisha umwite kaka asome nyayo.