Injini mpya, kompresheni ndogo: usikimbilie kufungua hedi

Injini niliisuka mwenyewe: ringi mpya za pistoni, valvu zimesagwa, gasketi mpya ya hedi. Siku ya kuiwasha stata ikaizungusha kama feni, laini mno, bila ule mdundo wa kubana na kuachia. Nikafunga geji ya kupima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Silinda zote nne, 90 na ushei kwa psi, kipimo cha mgandamizo. Usiku uleule nikafungua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda chenye valvu. Sikuona kosa lolote, na gasketi mpya ikaenda bure.

Nilitakiwa kuanza na kipimo chenyewe. Nilipima injini ikiwa ya baridi, nimetoa plagi moja tu, betri imechoka, na hakuna aliyekanyaga mafuta. Pedali isipokanyagwa mpaka mwisho njia ya hewa imezibwa. Silinda itabana nini? Toa plagi zote, kata umeme wa plagi na wa mafuta, betri iwe imejaa, kisha zungusha mpaka mshale uache kupanda. Hesabu mibano mitano au sita, na kila silinda ipate idadi ileile. Nilipopima hivyo nikapata 115. Nafuu, lakini bado ndogo: injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya 130 na 180 hivi, na kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho.

Kile kipimo cha kumwaga kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi kila fundi anakijua. Namba ikipanda sana, ringi. Isipopanda, valvu au gasketi. Kwenye injini iliyosukwa jana kinadanganya. Ringi hazijakaa kwenye kuta, kwa hiyo namba lazima ipande, nawe utaanza kuzilaumu ringi zisizo na hatia.

Mimi sasa naangalia kwanza namba zimekaaje. Silinda moja tu iko chini? Pima nafasi ya tapeti zake, zile zinazosukuma valvu. Ikibana kupita kiasi, valvu haikai kwenye siti, pale inapozibia, hata siku moja. Mbili zilizopakana? Hapo nashuku gasketi. Zote nne ziko chini kwa usawa, kama zangu, ni vigumu kuamini kwamba nimekosea mahali pamoja mara nne. (Inawezekana, ukipachika ringi zote juu chini. Alama ya ringi hutazama juu.)

Kilichonifumbua macho ni hewa ya kompresa. Pistoni iko juu kabisa, valvu zote mbili zimefunga, unaingiza hewa kwa tundu la plagi na kusikiliza. Usiache spana kwenye boliti ya kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, maana hewa ikiisukuma pistoni spana inaruka. Mvumo kwenye eksozi ni valvu ya kutolea. Kwenye njia ya hewa, valvu ya kuingizia. Kwenye mfuniko wa oili, ringi. Mapovu kwenye rejeta, gasketi. Kwangu kulikuwa na mvumo hafifu kwenye oili tu, na huo kila injini inao.

Yaani silinda zinashika hewa, lakini hazibani. Hapo tatizo si tundu linalovuja, ni saa ya valvu kufunguka na kufunga. Nikafungua kava ya mkanda wa taiming: kem shafti, ile inayofungua valvu, imechelewa jino moja. Valvu ya kuingizia ilikuwa inafunga kwa kuchelewa, pistoni inapanda huku inarudisha nje hewa iliyokwisha kuvuta. Alama nilizilinganisha vizuri, ila kabla ya kukaza tenshena inayovuta mkanda, na mkanda ulipovutwa zikasogea. Siku hizi nikishakaza nazungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole, kisha naangalia alama upya. Ikigoma njiani, silazimishi. Huenda valvu imegusa pistoni.

Baada ya kurudisha lile jino geji ilisoma 160, 158, 162, 160. Kilomita 1,000 baadaye, ringi zilipokaa, hakuna silinda iliyokuwa chini ya 170.