Maswali na Majibu: Panya wa Jiji na Kazi ya Halmashauri

Maswali ya safari hii yametoka kwa wapangaji, wafanyabiashara wa sokoni na mfanyakazi mmoja wa usafi, na yote yanahusu panya. Nimeyafupisha bila kugusa maana.

Swali: Halmashauri ya jiji letu imetangaza kampeni ya wiki mbili ya kutega sumu katika mitaa yote. Je, baada ya hapo panya watakwisha?

Hawatakwisha. Watapungua kwa muda, kisha watarudi kwa wingi uleule, kwa sababu kinachoamua idadi ya panya katika mtaa ni chakula na maficho wanayoyapata humo. Jambo hili linajulikana tangu miaka ya 1940, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipofuatilia panya wa vichochoro vya Baltimore, Marekani, wakaona kwamba mitaa iliyopigwa sumu pekee ilijaa panya upya, ilhali pale taka zilipodhibitiwa na nyumba kukarabatiwa panya walipungua na kubaki wachache. Panya jike hubeba mimba kwa wiki tatu hivi, huzaa watoto sita hadi kumi na wawili kwa mkupuo, na watoto hao huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi michache tu. Walionusurika sumu hukuta chakula kilichokuwa kikigombewa na wengi kimebaki kwa ajili yao, kwa hiyo huzaa zaidi na watoto wengi zaidi hukua.

Sumu ina kazi yake, lakini kazi hiyo huja baada ya taka kuzolewa na matundu kuzibwa, nayo hutakiwa kutegwa na watu waliofunzwa, ndani ya visanduku vinavyofungwa. Ninachokipinga, na nitaendelea kukipinga, ni halmashauri kutenga fedha za sumu mwaka hadi mwaka huku magari ya taka yameegeshwa kwa kukosa vipuri. Mkazi anayeshangilia kampeni bila kuuliza gari la taka litapita lini anaisaidia halmashauri kukwepa kazi yake.

Swali: Vile vifaa vya kuchomeka kwenye umeme vinavyotoa mlio wa kufukuza panya vinafanya kazi?

Havifanyi kazi ya kutegemewa: panya huuzoea mlio huo, nao haupenyi ukuta wala kabati. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivyo ikiwaonya kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi, na ninaomba lisirudi.

Swali: Majirani tumekubaliana kuleta paka wengi mtaani ili tuachane na sumu. Unatushauri nini?

Msitegemee paka. Watafiti waliofunga kamera katika eneo lenye panya wengi huko Brooklyn, New York, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018, waliona paka wakiua panya wawili tu katika siku 79. Paka humudu panya wadogo wa nyumbani na vitoto vya panya, lakini panya wa mitaroni aliyekomaa ni mkubwa na mkali, na paka wengi humpisha. Paka wanapokuwepo panya hujificha zaidi, na hapo ndipo wakazi hudhani wamepungua. Zaidi ya hayo, kinyesi cha paka kinaweza kueneza vimelea vya toksoplasma, ambavyo ni hatari kwa mimba.

Swali: Ninauza chakula sokoni. Afisa afya amenitoza faini kwa sababu ya kinyesi cha panya kilichokutwa kibandani, ilhali jaa la soko lililo hatua chache kutoka hapo halijazolewa kwa wiki nzima. Je, hii ni haki?

Afisa afya aliyekuta kinyesi cha panya penye chakula cha watu hana budi kuchukua hatua, na hilo sitalipinga. Mlaji hawezi kubeba hatari kwa sababu wewe na halmashauri mnasukumiana lawama. Panga bidhaa juu ya chaga, ziache nafasi kutoka ukutani ili uone kinachopita nyuma yake, na usifunge kibanda usiku ukiwa umeacha makombo chini.

Hata hivyo, jaa la soko ni dhamana ya halmashauri, na halmashauri inayomtoza mfanyabiashara faini huku ikiwalisha panya kwenye jaa lake yenyewe inadhoofisha sheria inayoisimamia. Panya wa mitaroni huwa hawaendi mbali na shimo lao, mara nyingi hawazidi mita 50, kwa hiyo taka zinazolala karibu na kibanda chako ndizo zinazomlea panya anayeingia humo. Saa ya kutoa taka ni muhimu sawa na siku ya kuzizoa, maana panya hutoka giza linapoingia. Jiji la New York lilizoea kuruhusu mifuko ya taka iwekwe kando ya barabara kuanzia saa kumi jioni. Tangu Aprili 2023 muda huo ulisogezwa hadi saa mbili usiku, na kuanzia Novemba 2024 majengo ya makazi yenye nyumba moja hadi tisa yalilazimishwa kuweka taka katika mapipa yenye mifuniko. Ninyi wa sokoni pigeni picha za jaa kila siku, ziwe na tarehe, kisha andikeni barua moja ya pamoja kwa mkurugenzi na nakala kwa diwani wenu. Lalamiko la mdomo halimfungi mtu.

Swali: Shimo limetokea kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yetu. Tukilifukia, linachimbuliwa upya. Je, tumwage maji ya moto?

Msimwage, kwani kama kuna ufa chini yake mtauongeza. Lichunguzeni shimo lenyewe kwanza. Shimo linalotumika huwa na mdomo laini uliosuguliwa, udongo mbichi pembeni, na wakati mwingine alama nyeusi ya mafuta ya manyoya kwenye jiwe au ukingo wa zege ambao panya huupapasa akipita. Lisokomezeni gazeti lililofinyangwa jioni. Likikutwa asubuhi limesukumwa nje au limevutwa ndani, panya wapo.

Shimo la namna hii katikati ya sakafu ya barabara, mahali pasipo taka wala chakula, aghalabu huashiria bomba la majitaka lililovunjika chini yake. Panya hutoka kwenye bomba kupitia ufa, akachimba kwenda juu, na udongo anaouchimba huanguka ndani ya bomba na kusombwa na maji, ndiyo maana njia huanza kutitia. Kufukia juu ni kupoteza nguvu. Idara ya majitaka inapaswa kupima kwa moshi au kwa maji ya rangi ili ijue bomba limepasuka wapi, ilikarabati, kisha ifunge shimo kwa zege. Mwulize pia afisa wa mtaa kuhusu mifuniko ya chemba: panya mchanga hupenya tundu la milimita 12, kwa hiyo mfuniko uliomeguka kona ni mlango wazi, na mijini imejaa mifuniko ya aina hiyo ambayo kila mtu anaipita.

Swali: Ninafanya kazi ya kuzoa taka. Nilishikwa na homa kali, macho yakawa mekundu, na vigimbi vikauma hadi nikashindwa kutembea. Nilipewa dawa ya malaria bila kupimwa. Je, yaweza kuwa ugonjwa wa panya?

Yaweza kuwa, na urudi hospitali leo. Dalili hizo, hasa maumivu ya vigimbi na macho mekundu yasiyo na usaha, ni za homa ya mgunda, inayosababishwa na bakteria wa leptospira. Panya huwabeba kwenye figo bila kuugua na kuwatoa kwa mkojo. Nao huingia mwilini mwa binadamu kupitia michubuko ya ngozi, macho, pua au mdomo anapogusa maji au tope lililochafuliwa. Dalili huanza siku 2 hadi 30 baadaye, mara nyingi kati ya siku 5 na 14. Antibiotiki husaidia, hasa zikianzwa mapema, lakini ugonjwa ukiachwa unaweza kuharibu ini na figo, kuleta manjano na kuua. Mwambie daktari kazi unayoifanya kabla hajaandika dawa, kwa sababu bila taarifa hiyo homa yako itafanana na homa nyingine yoyote.

Ugonjwa huu hauhusu miji maskini pekee: New York iliripoti wagonjwa 24 mwaka 2023. Kwa hiyo ninaiambia kila halmashauri kwamba kumpeleka mtu kushika taka kwa mikono mitupu na kandambili ni kumweka katika hatari inayojulikana na inayozuilika. Mabuti, glovu nzito na maji ya kunawia ni haki ya mfanyakazi, na vinatakiwa kununuliwa kabla ya kilo ya kwanza ya sumu.

Swali: Kwa nini halmashauri isilipe wananchi kwa kila panya wanayemuua?

Kwa sababu watamfuga. Mwaka 1902 watawala wa Kifaransa mjini Hanoi walilipa kwa kila mkia wa panya ulioletwa. Baada ya muda wakaonekana panya wasio na mikia wakizurura mjini, kwa kuwa watu waliwakata na kuwaachia wakazaane, na pembezoni mwa mji wengine walikuwa wakiwafuga kabisa.

Swali: Nimenunua unga wa kuua panya usio na lebo, unaua papo hapo. Nichanganye na chakula kiasi gani?

Usichanganye chochote. Unga wa namna hiyo mara nyingi ni kiuatilifu cha kilimo, kama vile aldikabu, ambacho hata kiasi kidogo humuua mtoto. Bila lebo, daktari hatajua anatibu nini, ilhali kwa sumu za panya zenye lebo zinazozuia damu kuganda anajua kwamba tiba yake ni vitamini K1. Ufungie mbali na watoto, usiumwage chooni wala mtaroni, na mpigie simu afisa afya aje auchukue.

Swali: Baraza la madiwani linakutana wiki ijayo na wananchi tunaruhusiwa kuuliza. Tuulize nini?

Ulizeni ni chemba ngapi za majitaka hazina mifuniko na zitafunikwa lini, ni maeneo gani hayakuzolewa taka mwezi uliopita, na mashimo ya panya yanayotumika yalihesabiwa wapi kabla ya kampeni ili yahesabiwe tena miezi mitatu baada yake. Mkijibiwa kwa idadi ya kilo za sumu zilizotumika, msikae chini. Kilo za sumu ni matumizi ya fedha, na ninyi mmeuliza kuhusu panya.