Alizaliwa kwa kisu, taya jembamba? Acha kukanda, angalia pua

Weee dada, ishia hapo hapo! Mwanao ana miaka 3, alizaliwa kwa kisu, meno ya juu yanatokeza, halafu shangazi wa Kongwa anataka kumkanda mataya eti kwa sababu "hakubanwa njiani"? Usithubutu.

Huko kubanwa kunabadilisha umbo la kichwa kwa muda tu, maana mifupa ya fuvu la kichanga bado haijaungana. Wa njia ya kawaida anaweza kutoka na kichwa kirefu, aliyevutwa kwa mashine akatoka na nundu. Baada ya siku au wiki kadhaa vinakaa sawa. Wa kisu mara nyingi kichwa chake duara, basi. Ni kweli upasuaji unaweza kuchelewesha maziwa, mtoto akaishia kwenye chupa, na kunyonya ziwa husaidia meno kujipanga. Lakini hiyo kesi ni ya chupa.

Wangu pia wa kisu. Mkandaji mmoja hapa Dodoma mjini alinishika akili: kila jioni kitambaa cha moto na mafuta ya alizeti, anavuta kidevu, mtoto anapiga makelele, mimi natoa hela. Usiku sasa! Anakoroma kama mashine ya kusaga, mto umelowa mate, midomo imekauka mpaka inachanika. Nikiuliza, naambiwa vumbi la Dodoma hilo. Duka la dawa nako kila nikienda ni piritoni, nikirudi piritoni. Msinicheke, mtoto wa kwanza hata konda wa daladala akikushauri unaitikia.

Meno ya ukubwani yalipoanza kuota, daktari wa meno akamwambia afumbe mdomo apumue. Akashindwa. Tukaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, akamwekea kioo kidogo chini ya pua: upande mmoja ukungu kiduchu, wa pili hakuna kitu. Picha ya pembeni ikaonyesha nyama za nyuma ya pua zimeziba njia. Mtoto akizoea kupumua kwa mdomo, ulimi unalala chini badala ya kuegemea kaakaa, taya la juu linakua jembamba, uso unarefuka, meno yanakosa nafasi. Nyama zikatolewa, kukoroma kukaisha, taya halikurudi. Sasa ni waya wa meno, na mbuzi wa mzee kule Bahi ndio wanaoulipia. Yule mkandaji bado ana foleni ya wateja, tena anawaambia wangu alipona kwake!

Habari za alizaliwaje achana nazo, angalia anapumuaje. Leo akishalala fofofo, mmulike kwa tochi ya simu. Ukikuta mdomo wazi na hana mafua, kesho usipite duka la dawa. Nenda kwa daktari wa pua, mwambie akuangalizie nyama za nyuma, na kama anakoroma mrekodi kabisa, maana mchana atakufanya uonekane muongo.