Lijue tenki kabla ya kushika rada

Mdogo wangu uliyetoka Chuo cha Ufundi Arusha au VETA Moshi ukapangiwa fildi kiwandani, anza na hili: rada, kile kifaa kinachofungwa juu ya tenki ili kujua limejaa kiasi gani, haipimi kimo cha molasi wala cha maji. Inapima nafasi tupu kati ya antena na uso wa kilichomo. Inatuma mawimbi, inasubiri mwangwi, basi. Kimo kinapatikana kwa kutoa. Tenki lina mita 10 kutoka kwenye flenji, yaani kile kitako cha chuma inapofungwa rada, hadi sakafu, mwangwi umetoka mita 3.5, kilichomo ni mita 6.5, na kwenye waya wa kipimo, unaotoa miliampea 4 tenki likiwa tupu na 20 likijaa, utasoma 14.4. Ukikosea ile 10 tu, sensa mpya kabisa itakudanganya kila siku. Usiichukue kwenye mchoro wa zamani. Omba kibali, funga mkanda wa usalama, panda, shusha tepu mwenyewe.

Hili la pili nililipata kwa hasara. Kiwanda kimoja upande wa Moshi nilifunga rada juu ya tenki la molasi likiwa karibu kujaa, nikaielekeza ipuuze mwangwi wa uongo, yaani unaorudi kutoka kwenye vyuma vya ndani badala ya uso wa kilichomo, nikashuka nimeridhika. Ndani mlikuwa na ngazi ya chuma, na saa ile vipandio vyake vingi vilikuwa vimezama, kwa hiyo rada haikuvijua. Usiku molasi ikashuka, povu likanyonya mwangwi halisi, rada ikashika kipandio. Skrini ikasimama palepale hadi alfajiri huku pampu inavuta, mpaka ikavuta hewa na sili yake, ile inayozuia uvujaji, ikaungua. Aliyegundua ni mzee wa zamu, kwa tepu. Kazi ile ya kufuta mwangwi ifanye tenki likiwa tupu, au angalau chini kabisa, tena usivuke uso wa kilichomo, la sivyo utafuta mwangwi wenyewe. Na namba isiyotikisika wakati pampu inafanya kazi ikutie wasiwasi.

Mahali pa kufunga: takriban moja ya sita ya kipenyo kutoka ukutani, mbali na ngazi na bomba la kujazia. Paa likiwa la kuba, epuka katikati. Rada ya gigahezi 80 ina mwale mwembamba kuliko ya 26, hivyo hupita kwa urahisi penye vizuizi. Dizeli na mafuta ya kula hurudisha mwangwi dhaifu kuliko maji, usishtuke.

Kuna watakaokwambia sensa ya sauti ni nafuu. Ni kweli, lakini kasi ya sauti hubadilika na joto la hewa, na baridi ya Arusha ya asubuhi Julai si joto la saa nane mchana. Kwenye rada, hilo halimsumbui fundi. Kinachosumbua ni matone yanayotanda kwenye antena. Yafute kwa kitambaa laini, usikwangue kwa bisibisi.

Siku unayomaliza kufunga, hifadhi mchoro wa mwangwi, ule unaoonyesha kila mwangwi umetoka umbali gani na kwa nguvu gani, pamoja na tarehe yake. Kipimo kikianza kuyumba, fungua ule wa leo, uweke kando ya ule wa kwanza.